"Tanga si Hapo Tu?": Mambo ya Kujua Kabla ya Safari Ndani ya Kwale na Kuvuka Mpaka wa Lunga Lunga

Kila Desemba, na kila Mfunguo Mosi familia zinapoanza kupanga arusi na ziara za jamaa, wakazi hutuuliza swali moja: "Kwani Tanga si hapo tu?"

Ni kweli, Tanga ni hapo tu. Mkazi wa Lunga Lunga yuko karibu zaidi na mji wa Tanga kuliko kivuko cha Likoni. Wadigo wa Msambweni na Wadigo wa Mkinga ni watu wa nyumba moja, na ukoo wa Wavumba unaanzia Wasini na Vanga hadi ng'ambo ya pili. Lakini katika kaunti hii yenye bahari, milima na mpaka wa nchi, umbali haupimwi kwa kilomita pekee. Mtu anaweza kumaliza barabara yote ya lami bila shida, akakwama mita chache kabla ya kufika kwa sababu ya karatasi moja, au kwa sababu mto umejaa maji ya mvua ambayo yeye hakuiona ikinyesha.

Mimi mwenyewe nimeyapata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naenda nikaha ya binamu yangu Tanga. Pasipoti ilikuwa mfukoni, kanzu imepigwa pasi, nauli imelipwa. Nilipofika mpakani nikaulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi nilikuwa nayo, ila ilikuwa nyumbani kwenye droo. Basi liliondoka, nami nikabaki kando ya barabara nimeshika mfuko wa zawadi. Kosa lilikuwa langu, na binamu yangu hajaacha kunikumbusha hadi leo.

Makala haya yanaeleza mambo yanayowakwamisha wakazi wengi safarini. Tunaanza na mpaka, maana huko ndiko maswali yaliko mengi, kisha mito, bahari na milima.

Lunga Lunga na Horohoro: unasimama mara moja

Mpaka wetu na Tanzania ulichorwa na watu ambao hawakuwa na jamaa upande wowote. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari uanze kwenye mlango wa mto Umba, hapo Vanga, upande bara moja kwa moja hadi ziwa Jipe. Mstari huo ulikata vijiji, mashamba na koo, na kila familia ya upande wa kusini wa kaunti inajua maana yake. Hata hivyo mpaka ni mpaka, na una sheria zake.

Siku hizi Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha mpakani cha pamoja. Maana yake ni kwamba msafiri hasimami mara mbili kama zamani. Ukaguzi wote hufanyika upande wa nchi unayoingia. Anayekwenda Tanga hupita Lunga Lunga na kushuka Horohoro. Huko afisa wa Kenya hugonga muhuri wa kutoka, na dirisha la karibu afisa wa Tanzania hugonga muhuri wa kuingia. Anayerudi nyumbani hufanya hivyo hivyo Lunga Lunga. Tunalieleza hili kwa sababu wapo wanaoshuka kwenye basi mapema na kupanga foleni ambayo si yao.

Usiondoke dirishani kabla ya kuhakikisha mihuri yote miwili imo. Asiyekuwa na muhuri wa kuingia hana la kuonyesha akiulizwa aliingiaje nchini, hata kama ameingia kwa njia ya halali kabisa.

Kitambulisho cha kitaifa hakitoshi. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho. Kwa hiyo jirani aliyewahi kwenda Kampala atakuapia kwamba kitambulisho kinakubalika "Afrika Mashariki yote". Tanzania haimo katika mpango huo. Kwenda Tanga unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Maombi ya zote mbili huanzia kwenye mtandao wa eCitizen. Asiyekuwa na simu ya kisasa au asiyejua kutumia mtandao anaweza kusaidiwa Huduma Centre. Usingoje wiki ya arusi. Uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa, na afisi za kaunti haziwezi kukuharakishia hati hata ukitujia na barua ya chifu.

Mtoto naye ni msafiri. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mtoto ni wa nani, lakini si hati ya kuvukia mpaka. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au nyanya, ni busara kubeba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Maafisa huuliza kwa sababu ya biashara haramu ya watoto, na wana haki ya kuuliza.

Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaruhusiwa kukaa kama mgeni hadi miezi 6 bila malipo ya viza. Mgeni anaweza kuhudhuria matanga, kutembelea jamaa, kutibiwa na kutalii. Kufanya kazi au kufungua biashara kunahitaji kibali kingine. Kijana anayekwenda "kumsaidia mjomba dukani" kwa miezi mitatu ajue kwamba machoni pa sheria hiyo ni kazi.

Kadi mbili za manjano

Watu huchanganya kadi hizi mbili, na si ajabu, maana rangi ni moja.

Ya kwanza ni ya afya, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania huwataka wasafiri wanaotoka nchi hizo waonyeshe cheti. Chanjo huchukua siku 10 kabla ya cheti kuanza kutumika, kwa hiyo ukichanjwa leo na kusafiri kesho hujafanya kitu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba itaisha baada ya miaka 10, haijaisha. Usikubali kulipia chanjo ya pili kwa sababu hiyo pekee. Na usinunue kadi bila kuchanjwa. Mbali na kuwa ni kosa la jinai, homa ya manjano inaua, na kadi ya kununua haitakukinga.

Ya pili ni ya gari: bima ya COMESA ambayo nayo huitwa kadi ya manjano. Bima yako ya kawaida ya Kenya haikulindi ukigonga mtu au gari upande wa pili. Mwenye gari lake atafute kadi hiyo kwa kampuni yake ya bima kabla ya safari, abebe hati ya umiliki wa gari (kama gari si lake, barua ya mwenyewe), na atangaze gari kwa maafisa wa forodha ili apewe kibali cha kuliingiza kwa muda. Gari likizidisha muda wa kibali huwa na madeni ya faini ambayo humfuata mwenyewe hadi nyumbani.

Mama wa machungwa

Wanawake wengi wa Lunga Lunga, Kikoneni na Ukunda huendesha nyumba zao kwa machungwa ya Muheza, mahindi, maharagwe na mikeka. Biashara hiyo ni halali, tena ina mlango wake mwepesi ambao wengi hawautumii.

Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa zenyewe zimetoka ndani ya Jumuiya na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, hausamehewi tu ushuru wa forodha, bali pia karatasi zake ni nyepesi. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa hujazwa papo hapo mpakani, bila kupitia wakala wa forodha. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha, si wa kodi zote, na hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Matunda, mbegu na nafaka zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Mbuzi, kuku na nyama zina masharti ya daktari wa mifugo.

Halafu kuna mfuko wenyewe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo ndimu zako zikiwa kwenye mfuko wa plastiki uko kwenye makosa pande zote mbili. Kikapu cha ukindu hakijawahi kumletea mtu shida mpakani.

Tunajua kwamba pembeni mwa kituo kuna njia za panya, na tunajua ni nani huzitumia: mara nyingi si magendo makubwa, ni mama mwenye debe mbili za mahindi aliyeambiwa kwamba kituoni "watakumaliza". Kwa mzigo mdogo kama wake, karatasi huwa nafuu kuliko anavyodhani. Njia ya panya haina risiti wala shahidi. Akinyang'anywa mzigo humo porini hana pa kushtaki, kwa kuwa atalazimika kwanza kueleza alikuwa akifanya nini hapo.

Kuna wakazi wenzetu ambao kwa miaka mingi hawakuwa na la kuchagua. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale vizazi kadhaa bila kitambulisho cha nchi yoyote. Mwezi Oktoba 2016 walitoka hapa Kwale wakaenda Nairobi kudai uraia, na mwaka huo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao walitambuliwa mwaka 2023. Kama wewe au mzee wako ni wa jamii hizi na bado hana kitambulisho, fikeni afisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yenu. Pasipoti haipatikani bila kitambulisho, na bila pasipoti binti aliyeolewa ng'ambo atabaki kusikia sauti ya mamake kwenye simu tu.

Mto uliojaa mvua ya wengine

Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Hii ndiyo sababu ya jambo linalowashangaza wageni: jua linawaka Vanga, mbingu ni safi, na mto unapanda. Mvua ilinyesha jana, mbali, katika nchi nyingine. Yeyote anayesafiri kuelekea Vanga, Jimbo au Kiwegu wakati wa masika asiangalie mawingu ya nyumbani peke yake. Apige simu kwa mtu aliye huko. Na bahari ikiwa kwenye bamvua, maji ya chumvi nayo husukuma kutoka upande wa pili na kuukuta mto njiani.

Ramisi, Mkurumudzi, Mwachema na mito ya Kinango ina tabia nyingine. Mingi hukaa kama mchanga mtupu kwa miezi, ng'ombe wakipita katikati, kisha hujaa kwa saa chache. Hatari kubwa iko kwenye vile vivuko vya zege ambavyo mto hupita juu yake, tunavyoviita drifti. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kulielea gari dogo, na yakifika 60 hubeba magari mengi, hata yale makubwa ya kazi ambayo dereva wake hujiona salama. Tena maji yakiwa ya matope huwezi kujua kama zege bado lipo chini.

Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilitufundisha haya kwa uchungu hapa Pwani. Abiria wa matatu ana haki ya kumwambia dereva asimame. Sema kwa sauti. Hakuna nauli utakayodaiwa kwa kukataa kufa, na kulala Kinango usiku mmoja si msiba. Mwanafunzi asitumwe kuvuka mto uliojaa eti asikose mtihani. Mzazi ampigie mwalimu.

Wasini, Mkwiro na Funzi

Kwa wakazi wa visiwani boti ni matatu yao. Mkondo wa Shimoni na Wasini ni mfupi na umekingwa, na ndiyo sababu watu huuzoea kupita kiasi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huleta mawimbi, hasa ukishatoka kwenye kinga ya kisiwa kuelekea Mpunguti na Kisite. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ina bahari tulivu zaidi. Manahodha wetu wanayajua haya kuliko afisa yeyote, na nahodha akisema leo haendi, msimbembeleze wala msimwongezee pesa.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe. Tunasema hivi kwa sababu tumeona yakigeuzwa mito ya kukalia. Boti ya abiria inapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya na kubeba idadi iliyoandikwa. Wanafunzi, wagonjwa na mifuko ya saruji havikai pamoja kwenye safari moja. Tena uliza saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kutoka nyumbani. Maji yakipwa sana, kupanda boti ni kutembea kwenye miamba na maji hadi magotini, jambo ambalo mzee au mgonjwa hawezi.

Mama mjamzito anayeishi Mkwiro au Funzi na anayekaribia siku zake avuke mapema, akae kwa jamaa bara. Uchungu hauangalii maji wala upepo. Familia nyingi za visiwani tayari hufanya hivi, na wakunga wetu huwaomba wengine waige.

Wavuvi na wasafiri wa Pemba na Tanga nao wakumbuke kwamba mpaka unaendelea baharini hata kama hakuna kizuizi. Hati zinazohitajika Horohoro zinahitajika majini pia. Shimoni kuna afisi ya uhamiaji kwa kazi hiyo.

Milimani

Kuhusu milima tutasema kidogo. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kutoka Kombani alfajiri hukuta ukungu ambao Diani hauko. Washa taa, punguza mwendo. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya, na wakazi wengi wa kaunti hawajawahi kuingia wakati wageni wanatoka ng'ambo kuja kumtazama. Ina tembo pia, ambao hutembea kati ya hifadhi na Mwaluganje. Ukimkuta tembo barabarani jioni, simama mbali, usipige honi, usimulike taa kali, usishuke kupiga picha. Mwendesha bodaboda azime, arudi nyuma polepole. Tembo atapita akitaka.

Nani aulizwe nini

Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, KeNHA. Wanaotoka Mombasa kwa gari sasa wana njia ya Dongo Kundu pia, bila kungoja feri. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, barabara za kaunti, usafiri wa umma barabarani, na vivuko na gati ambazo si za meli za kitaifa au kimataifa ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo drifti iliyobomoka kijijini kwenu au ngazi ya gati iliyovunjika ni malalamiko ya kutuletea sisi. Mweleze msimamizi wa wadi yako jina la mto, kijiji kilicho karibu na siku ulipoona uharibifu, na kama una picha mpe. Hadi itengenezwe, weka matawi mabichi pande zote mbili za kivuko kibovu, mbali kidogo, ili dereva mgeni anayekuja usiku ayaone kabla hajafika majini.